Maswali ya Wasomaji: 888, 666 na Herufi za Kigiriki

Swali: Shikamoo. Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp inasema herufi za Kigiriki zina siri, kila moja ina namba yake, eti jina la Yesu ni 888 na neno kompyuta kwa Kiingereza ni 666. Sasa mama mdogo amekomaa nibadilishe laini ya simu sababu namba yangu inaishia na 666. Haya mambo ni kweli au uzushi? Msomaji, Tabata.

Jibu: Marahaba mwanangu. Hiyo klipu imechanganya kitu cha kweli na cha kutunga, ndo maana inatisha watu.

Cha kweli ni kwamba Wagiriki wa zamani walikuwa wanaandika hesabu kwa herufi zao zilezile, alfa 1, beta 2, hadi theta 9, afu iota 10, kappa 20, rho 100, mpaka omega 800. Herufi 24 hazikutosha wakabaki na tatu za kizamani kwa ajili ya 6, 90 na 900. Kwa hiyo kila neno tayari lilikuwa na jumla yake. Chukua Iesous, yaani Yesu kwa Kigiriki: iota 10, eta 8, sigma 200, omikroni 70, upsiloni 400, sigma tena 200. Jumlisha mwenyewe, ni 888 kweli. Amina inakuja 99, na kuna barua za Wakristo wa kale kule Misri zimeandikwa 99 badala ya amina, kama ambavyo hapa mjini unaweza kuona 786 mlangoni mwa duka, hiyo ni Bismillahi yote kwa hesabu ya abjadi, yaani herufi za Kiarabu nazo zikipewa namba.

Wapo waliozama zaidi. Karne ya 2 kulikuwa na mwalimu mmoja anaitwa Marcus, yeye alisema njiwa aliyeshuka wakati wa ubatizo wa Yesu, kwa Kigiriki peristera, ana jumla ya 801, na alfa na omega ukizijumlisha ni 1 na 800, ileile 801! Mi naona ni tafakari nzuri sana kwa mtu anayesali, lakini ushahidi sio.

Tatizo linaanzia ukigeuza. Kwenye ukuta mmoja wa Pompeii, mji uliofukiwa na volkano mwaka 79, mtu aliandika anampenda yule ambaye namba yake ni 545. Watu wa mtaa ule labda walimjua, sisi leo hatuwezi, maana majina yanayofika 545 ni mengi mno. Kutoka jina kwenda namba ni dakika moja, kutoka namba kurudi kwenye jina hakuna njia ya uhakika.

Na 666 ya Ufunuo 13:18, ile namba ya mnyama inayomtisha mama mdogo, iko hivyohivyo. Wataalamu wengi wanaona inamsema Kaisari Nero, jina lake likiandikwa kwa herufi za Kiebrania linatoa 666, na ukiondoa N ya mwisho linatoa 616, na kweli kuna nakala za kale zenye 616. Askofu Irenaeus, kwenye mwaka 180 hivi, alijaribu majina kama Lateinos, ikaja 666, lakini akaonya watu wasikimbilie kumtaja mtu. Onyo hilo lina zaidi ya miaka 1800 na bado tunalipuuza.

Sasa hiyo ya kompyuta haina Ugiriki wowote ndani yake. Wamechukua A wakaipa 6, B 12, C 18, wanaongeza sita sita, kanuni ambayo Wagiriki hawakuwahi kuitumia, wameitafuta mpaka jibu walilolitaka likapatikana. Kwa kanuni hiyohiyo andika KOMPYUTA kwa Kiswahili: 66, 90, 78, 96, 150, 126, 120, 6. Inakuja 732.

Laini yako ndo kabisa, zile tarakimu zimepangwa na kampuni ya simu, hazikutoka kwenye jina la mtu yeyote. Kaa na mama mdogo taratibu, usimbishie wala usimcheke, hofu yake inatoka kwenye imani na inastahili heshima, mpe kalamu na karatasi apige hizo hesabu mwenyewe. Na laini usibadilishe, utaanza kuhangaika na pesa zilizoko kwenye simu na kuwatumia watu wote namba mpya bila sababu.