Sijaonja pombe, ini limejaaje mafuta?

Wiki mbili nyuma niliandika habari za kisukari, nikaligusia ini kwa mistari miwili tu. Maswali mliyoleta yote ni ya ini, kisukari mmekisahau. Haya sita nimeyafupisha.

*Shikamoo daktari. Nimepigwa utrasaundi nikaambiwa ini lina mafuta. Pombe sijaionja tangu kuzaliwa, na sasa mume wangu ananitazama kwa jicho jengine. (Mama wa watoto wanne, Jang'ombe)*

Marahaba mwanangu. Mpe mumeo asome mwenyewe. Sukari na wanga vikizidi mahitaji ya mwili, ini huvigeuza mafuta na kuyaweka ndani ya seli zake, pombe iwepo isiwepo. Zamani ugonjwa huu uliitwa kwa kile usichokuwa nacho, yaani ini lenye mafuta lisilotokana na pombe. Mwaka 2023 wataalamu waliliacha jina hilo, na sasa unatajwa pamoja na ndugu zake: kitambi, kisukari, presha na mafuta ya damu.

Juzi asubuhi nilikaa barazani na jirani yangu. Kikombe kimoja cha chai, sukari vijiko vinne, chapati mbili, kisha kikombe cha pili kwa vijiko vile vile. Jioni nikamkuta Forodhani na bilauri ya juisi ya miwa. Huyo naye hajui harufu ya pombe. Kama una kilo 90, ukipunguza 4 au 5 mafuta ya ini yanaanza kushuka, na ukifika 9 hata uvimbe wa ini mara nyingi hutulia.

*Baba alifariki kwa saratani ya ini. Mimi nina miaka 31 na nimeambiwa ini langu lina mafuta. Ndiyo nimeshairithi? (Kijana, Wete)*

Mungu amrehemu mzee. Saratani yenyewe hukuirithi. Kinachoweza kurithiwa ni wepesi wa ini kujaza mafuta na kupata makovu, na hapo jeni, yale maagizo ya urithi yaliyoandikwa kama kwa herufi ndani ya seli, zina neno.

Inayojulikana zaidi ni PNPLA3. Mwaka 2008 watafiti wa Dallas, Marekani, akiwemo Helen Hobbs, walionyesha kwamba badiliko la herufi moja tu katika jeni hiyo linaendana na mafuta mengi kwenye ini. Protini yake hukaa juu ya tone la mafuta ndani ya seli. Iliyobadilika haiondolewi inavyopaswa, hujirundika pale juu na kumzuilia njia mwenzake ambaye kazi yake ni kuyavunja mafuta. Basi tone linabaki. Mafuta yakikaa miaka, ini huvimba, uvimbe huacha makovu, makovu yakienea ndiyo sirosisi, na saratani mara nyingi huota humo, ingawa kwa ugonjwa huu wa mafuta wapo wanaoipata kabla ya kufika kwenye sirosisi. Utafiti mmoja wa Ulaya wa 2014 ulikuta kwamba mwenye nakala mbili za badiliko hilo, ya baba na ya mama, hatari yake ya saratani hii ni kama mara 5 ya asiyekuwa nayo.

Ya pili, TM6SF2, inanichekesha kidogo. Ikiharibika, ini hushindwa kuyapakia mafuta kwenda kwenye damu. Mtu anapima kolesteroli anaambiwa damu yako safi kabisa, kumbe mzigo wote umebaki bandarini. Ipo pia HSD17B13, ambayo ripoti ya 2018 ilionyesha kuwa aliyerithi iliyoharibika ini lake hulindwa. Si kila urithi mbovu ni hasara.

Sasa usikimbie na hiyo mara 5. Wengi wenye ini la mafuta hawapati saratani maisha yao yote, na ukizidisha kidogo mara 5 bado ni kidogo. Tena badiliko la PNPLA3 huuma zaidi kwa mwenye uzito mkubwa. Herufi huwezi kuifuta, kitambi unakiweza.

Lakini mwanangu, kabla ya jeni nina swali la baba. Aliwahi kupimwa homa ya ini aina ya B? Kwetu huku mshukiwa wa kwanza ni huyo. Kirusi chake hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, na baina ya watoto wa nyumba moja, kwa hiyo saratani huonekana kama inatembea na ukoo. Chanjo yake ya watoto wachanga ilianza Tanzania mwaka 2002. Wewe umezaliwa kabla. Nenda kapime wiki hii, na ndugu zako wote.

*Nimemuoa binti ami yangu. Watoto wetu wamo hatarini? (Chake Chake)*

Nyote mkiwa na nakala moja moja ya lile badiliko la PNPLA3 nililomtajia kijana wa Wete, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kupata mbili. Kwa kuwa babu ni mmoja, hilo ni jepesi zaidi kwenu kuliko kwa waliooana ugenini. Hata hivyo, ningekuwa nyinyi ningehangaikia zaidi selimundu. Pimeni hiyo.

*Nipeleke damu ng'ambo ikapimwe jeni? (Mfanyabiashara, Darajani)*

Hapana. Kwa fedha hiyo pima homa ya ini B na C, sukari, na vimeng'enya vya ini pamoja na chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Vimeng'enya viwili, chembe sahani na umri wako vinamtosha daktari kukadiria kama makovu yameanza.

*Njugu zikishika ukungu, nikizikaanga sana si unakufa? (Muuza kashata, Mkoani)*

Ukungu utakufa, sumu yake itabaki. Inaitwa aflatoksini, na moto wa kikaango hauimalizi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Kwenye ini huiharibu TP53, jeni inayoizuia seli mbovu isizaliane, tena mara nyingi mahali pale pale kwenye jeni hiyo, sehemu namba 249; jambo hilo liligunduliwa mwaka 1991 katika saratani za ini za China na kusini mwa Afrika. Hapa hakuna cha kurithi, jeni ilizaliwa nzima ikaharibiwa na chakula. Mwenye homa ya ini B akila sumu hii, madhara huzidishana. Zenye ukungu, zilizosinyaa na zenye uchungu zitupe, usimpe hata kuku. Najua gunia lina bei.

*Mke wangu ananikataza kahawa kwa ajili ya ini. (Mzee, Makunduchi)*

Shikamoo mzee wangu. Katika tafiti nyingi wanywaji kahawa wameonekana kuwa na makovu ya ini na saratani yake kwa uchache kuliko wasiokunywa. Kunywa, ile chungu ya barazani. Ila kama anachokukataza hasa ni lile bonge la halua linaloifuata kahawa, hapo nipo upande wake.