LED kwa taa ya halojeni

Bosi, umeuliza mbona watu wanakupigia fuli usiku Thika Road na wewe uko dimu tu. Ni hizo LED umeweka kwa taa ya balbu ya halojeni. Rifleketa, ile sahani ya kung'aa ndani ya taa inayorudisha mwanga mbele, imepindwa kwa hesabu ya kawaya kadogo ka balbu kukaa mahali pamoja kabisa, ikisogea hata milimita moja mwanga unaenda kwingine, na kwa balbu ya H4 (ile yenye waya wa dimu na wa fuli ndani ya balbu moja) waya wa dimu una kikombe cha chuma chini yake ili mwanga ugonge nusu ya juu ya rifleketa peke yake, ndio maana unainama barabarani badala ya kupanda machoni mwa watu. LED nyingi za bei rahisi hazifuati hiyo hesabu, zinamwaga tu, na wewe unadhani unaona poa. Rudisha halojeni, usafishe lenzi kama imekuwa njano.

Foglaiti nayo ni ya ukungu kama wa Kinale, inakaa chini na mwanga wake ni mpana na bapa, usirudishwe na matone usoni kwako. Rangi ya njano haisaidii sana vile watu husema, matone ya ukungu ni makubwa ukilinganisha na mawimbi ya mwanga, yanatawanya rangi zote karibu sawa.