Neno "Engineer" Lilivyonikosesha Mteja

Wiki iliyopita mfasiri mmoja anayeanza kazi aliniuliza kwa nini kila siku napiga kelele kuhusu majina ya kazi. Nimemjibu faraghani, ila jambo lenyewe bado linaniuma, acha nilisimulie.

Nilipewa ripoti ya ajali ya treni huko Marekani, kurasa 14. Kila palipoandikwa "engineer" niliweka "mhandisi". Mhandisi aliona taa nyekundu, mhandisi akafunga breki, mhandisi akalazwa. Mteja akanirudishia na swali moja: mhandisi alifuata nini kwenye chumba cha dereva, na dereva mwenyewe alikuwa wapi?

Dereva ndiye huyo huyo! Marekani, mwendesha treni huitwa engineer. Casey Jones, aliyekufa Mississippi mwaka 1900 akijitahidi kusimamisha treni yake, alikuwa dereva. Uingereza, engineer anaweza kuwa fundi anayekuja nyumbani kutengeneza simu. Melini, ni mtu wa chumba cha injini. Na hapa Tanzania hujiiti mhandisi mpaka Bodi ya Usajili wa Wahandisi ikusajili.

Ningejua asili ya neno, ningeshtuka mapema. Limetoka Kilatini, ingenium, akili ya kuzaliwa nayo mtu. Baadaye likashikamana na mitambo ya vita, na engineer akawa muundaji wa mitambo ya kubomolea ngome. Ndiyo maana katika karne ya 18 John Smeaton, aliyejenga mnara wa taa wa Eddystone, alijiita "civil engineer": kwamba yeye si wa jeshi. Ukiandika "mhandisi wa kiraia" leo, msomaji haelewi kitu. Sema mhandisi ujenzi. Neno letu lina njia yake, kutoka Kiarabu muhandis, na mzizi wake ni andaza ya Kiajemi, yaani kipimo. Wao walianzia kwenye akili, sisi kwenye kupima. Tunawezaje kuyaona mapacha?

Kwa hiyo, ndugu mfasiri, kabla hujagusa kamusi jiulize: mtu huyu akifika kazini anashika nini? Soma aya nzima. Kisha jiulize tena anashika nini. Usione aibu kumwuliza mteja. Mimi niliona aibu.

Niliirudia ripoti ile usiku kucha, bila malipo. Mteja aliipokea, akashukuru kwa mstari mmoja, na hajaniandikia tena. Nakala ya kwanza ninayo bado, kila "mhandisi" amekatwa kwa wino mwekundu.