Menai kwa siku moja, na mama asiyejua kuogelea: angalieni maji kabla ya bei

Dada, umesema mko sita, mmojawapo mama wa miaka sitini asiyejua kuogelea, na watoto wawili wa miaka 5 na 9. Mna siku moja tu Unguja, mnataka kuona visiwa na matumbawe, na hamjaamua kama mchukue katamarani au mashua ya kawaida, wala kama muende Changuu, Mnemba au Menai. Waliotangulia hapa wamekujibu kwa bei. Mimi naomba nikujibu kwa maji. Ghuba ya Menai, ile ya kusini-magharibi mwa Unguja, nimekwenda mara mbili, visiwa vile vile, msimu ule ule wa kaskazi. Mara ya kwanza nilirudi nimejiapiza kwamba mama yangu sitamleta huku. Mara ya pili nilikuwa naye, na yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kukubali kutoka majini.

Ile ya kwanza tulichagua siku kwa kuwa ilikuwa Jumamosi na tulipata punguzo. Basi. Mwezi ulikuwa umetimia juzi yake na hakuna aliyetuambia kwamba hilo lina maana yoyote. Tumefika Fumba, kijiji wanakoondokea boti, saa tatu na nusu asubuhi, bahari imeondoka. Chombo kinaelea kule mbali, na sisi tunakifuata kwa miguu juu ya mawe na majani ya bahari, tukikwepa wale wadudu weusi wenye miiba mirefu. Wenye ndala walikatika ndala. Tulipofika kwenye mwamba wa kupigia snokeli (kuelea kifudifudi kwa miwani na mrija), kati ya visiwa viwili, mkondo ulikuwa unakwenda kama mto. Mdogo wangu wa kike anaogelea vizuri bwawani, lakini alipoinua kichwa alikuta chombo kiko mbali naye, na kila akipiga mikono anazidi kurudi nyuma. Baharia tuliyekuwa naye majini ni mmoja, abiria kumi na wanne, na majaketi okozi yalikuwa yamefungwa kamba chini ya viti. Aliyemchukua ni boti ya watu wengine waliokuwa wanapita. Nanga yetu nayo niliiona kwa macho yangu ikitua juu ya tumbawe hai na kuvunja tawi zima. Hiyo bado inaniuma.

Tuliporudi Fumba jioni, mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu alituuliza tumeona nini. Nikamweleza. Akasema, "Mwanangu, leo bamvua. Mlikwenda kutafuta utulivu siku ya bamvua?"

Hilo neno moja ndilo lililonifundisha kupanga safari ya bahari, na ndilo nataka ulishike. Maji ya Unguja hayajai na kukupwa sawasawa kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hupanda na kushuka karibu mita nne, na kwa kuwa maji yote hayo yanatakiwa yaingie na kutoka kwa muda ule ule wa saa sita, mikondo inakuwa mikali. Katikati, mwezi unapokuwa nusu, ni maji mafu: tofauti ya kujaa na kupwa inakuwa ndogo na bahari haina haraka. Huhitaji programu ya simu. Tazama kalenda ya Kiislamu ukutani. Kwa makadirio, tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 ni bamvua. Tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 ni maji mafu.

Kisha kuna saa. Huku kwetu siku za bamvua maji hukupwa kama saa nne au saa tano asubuhi na hujaa saa kumi, saa kumi na moja jioni. Kila siku yanachelewa takriban dakika hamsini, kwa hiyo baada ya wiki mambo yamegeuka: siku za maji mafu, kati ya saa nne na saa sita mchana ndipo yamejaa. Sasa fikiria ratiba ya safari ya siku moja, inayoondoka saa tatu na kurudi saa kumi. Siku ya bamvua mama yako atatembea juu ya mawe yenye utelezi ili kufika kwenye chombo. Siku ya maji mafu chombo kinamsogelea.

Sisemi bamvua haifai kabisa. Ina uzuri wake: fungu la mchanga katikati ya bahari linakuwa pana, jeupe, watoto wanakimbia mpaka wachoke. Nahodha anayejua kazi yake siku hiyo ataanza na fungu asubuhi, halafu ataacha lile dimbwi la mikoko la kisiwa cha Kwale mpaka alasiri, maji yakishaingia, kwa sababu asubuhi utakuta matope tu. Asiyejua, au asiyejali, atafuata ratiba iliyochapwa kwenye karatasi. Kwa hiyo unapopiga simu, kabla hujauliza bei, uliza hivi: "Tarehe hiyo maji yanajaa saa ngapi, na mtaanza wapi?" Akikujibu bila kusita, endelea naye. Akisema maji ni mazuri siku zote, tafuta mwingine.

Upepo nao. Kuanzia Desemba hadi Februari, kaskazi, Menai inakingwa na kisiwa chenyewe na bahari huwa nzuri. Masika, Machi mwishoni hadi Mei, mvua na maji yenye vumbi la mchanga. Utalipa usione kitu. Juni na Julai kusi likishika, asubuhi kunavumilika lakini alasiri mkirudi mnapigwa na mawimbi. Oktoba na Novemba, kusi likiisha na kaskazi haijaanza, bahari inalala. Kama una uhuru wa kuchagua mwezi, chagua hapo.

Kuhusu katamarani: ni chombo cha miili miwili myembamba iliyounganishwa kwa sakafu moja juu. Hata zile boti za mwendo kasi tunazovukia kutoka Dar ni za namna hiyo. Neno lenyewe limetoka kwenye Kitamil, maana yake magogo yaliyofungwa pamoja, na kwa wazo haiko mbali na ngalawa yetu, ambayo inasimama kwa mirengu yake miwili, zile mbao zinazoelea kila ubavu. Faida yake kwa familia kama yenu ni kwamba haiyumbi ubavuni kama mashua, kwa hiyo mtu anayelewa bahari anapata nafuu, na ina nafasi mtoto wa miaka 5 kukaa mbali na ukingo. Kubwa kuliko yote ni ngazi. Katamarani nyingi zina ngazi ya kudumu nyuma, yenye vipandio vinavyoshuka mpaka ndani ya maji. Mashua inatundika kingazi cha chuma ubavuni, kinachezacheza, na mtu wa miaka sitini mwenye magoti mabaya akishateremka, kupanda ni kuvutwa na vijana wawili. Mama yangu angekufa kwa haya kabla ya kufa maji.

Kasoro yake ni kwamba ni ghali zaidi, na msidhani mtakwenda kwa tanga siku nzima. Upepo ukiwa mdogo mtakwenda kwa injini kama wengine wote, tanga litatwekwa mkirudi. Mashua ina utamu wake wa mbao na tanga la kwetu. Kama mngekuwa vijana watupu ningesema mashua bila kufikiri. Kwa mama yako, katamarani. Na siku ile mkiweza, ombeni nusu saa ya ngalawa pale Kwale, wapeni watoto.

Mama yangu amezaliwa Pangani. Utoto wake wote alikuwa anashuka pwani maji yakikupwa, kuokota kombe na kuchokoa pweza maweni, lakini maji yakimfika kiunoni anarudi. Na tangu Septemba 2011, ilipozama MV Spice Islander ikielekea Pemba, hata kuvuka kuja Unguja huwa anasoma dua njia nzima. Sikumlazimisha. Nilimwambia atakaa kwenye chombo, atakula samaki, ataona visiwa. Ilikuwa tarehe 9 ya mwezi, maji mafu, yamejaa saa tano na ushei. Bahari ilikuwa kama sinia.

Nahodha, mtu mzima kidogo, alimwambia, "Bi mkubwa, hapa ni kina cha kifua chako. Shikilia boya, mimi nitalishika upande wa pili. Ukisema turudi, tunarudi." Alimweka kwanza kwenye ngazi, kipandio cha mwisho, ameketi, uso tu ndani ya maji. Dakika kumi hivi alikuwa anainua kichwa kila pumzi mbili. Kisha hakuinua tena. Nikashtuka, nikamgusa bega. Akatoa mrija mdomoni akasema, "Yule pono! Ana rangi ile kumbe?"

Miaka sitini na moja amepaa samaki huyo, amemkaanga, amempika na nazi, na hakuwahi kumwona akiwa hai. Samaki akifa rangi inamtoka. Anayefika sokoni si yule wa majini. Alikwenda akiwataja mmoja mmoja kwa majina: changu, tasi, chewa kajificha chini ya jiwe, mkunga katoa kichwa. Kijana aliyekuwa anatuongoza alikuwa anamsikiliza yeye.

Mambo madogo yaliyotusaidia. Miwani ya kupigia mbizi ijaribuni mkiwa bado juu: ibandike usoni bila kuvuta mkanda, vuta pumzi kwa pua, ikishika yenyewe, ni saizi yako. Ikidondoka, omba nyingine, usikubali kuambiwa "itakaa". Kwa wanaovaa ushungi, ukingo wa kitambaa ukiingia hata kidogo chini ya mpira wa miwani, maji yanaingia. Mama alivaa kofia ya kuogelea inayobana, miwani juu ya ngozi tupu, kisha kitambaa chepesi juu ya yote. Wenye ndevu nyingi nao watapata tabu hiyo hiyo. Dera lisiingie majini. Linajaa hewa, linapanda, halafu likilowa linavuta. Suruali ya kubana kidogo na fulana ya mikono mirefu inatosha kwa stara, na inawakinga na jua la mgongoni, ambalo mtu anayeelea kifudifudi halisikii mpaka usiku. Mkifunika ngozi kwa nguo hamtahitaji kujipaka mafuta mengi yanayobaki kwenye matumbawe.

Jaketi okozi za watoto ziombeni kwa umri na uzito, kwa simu, siku moja kabla. Ya mtu mzima kwa mtoto wa miaka 5 ni hatari. Anateleza chini yake. Na asubuhi hiyo zivaliwe kabla nanga haijang'olewa.

Naomba pia mniwekee hili. Kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, mwacheni chini, msimtoe majini kwa ajili ya picha, hata mwongoza wageni akimletea mtoto mkononi. Msisimame juu ya matumbawe mkichoka. Simameni kwenye mchanga au shikeni boya. Haya matumbawe yalipauka kwa joto la bahari mwaka 1998, yakapauka tena 2016, na mengine yanajikongoja mpaka leo. Menai ni eneo la hifadhi tangu 1997, lakini hifadhi bila mikono yetu ni kibao tu barabarani. Mkiwaona pomboo, mwambieni nahodha apunguze mwendo na asiwakate njia. Sisi tulizima injini, wakaja wenyewe.

Changuu ni karibu na Mji Mkongwe, kobe wakubwa ambao asili yao ni Aldabra, Shelisheli, waliletwa 1919, na lile jengo la gereza ambalo halikufunga wafungwa, likatumika kama karantini. Watoto watafurahi, ila ni safari ya nusu siku, na matumbawe si ya kulinganisha. Mnemba ina maji safi kupita yote, lakini ni bahari ya wazi, kisiwa ni cha binafsi hamtashuka, na asubuhi boti zinajazana pale mpaka huoni samaki kwa miguu ya watu. Kwa mtu anayeingia baharini mara ya kwanza, hapana. Chumbe, iliyolindwa tangu 1994 bila uvuvi, kwa matumbawe ndiyo ningeipa nafasi ya kwanza Unguja nzima, ila wanapokea wageni wachache kwa siku na ni lazima kuulizia mapema.

Kwa hiyo kwenu: Menai, katamarani, siku ya maji mafu. Chakula cha mchana mtakula Kwale, samaki, ngisi na kamba wa makaa, karibu na ule mbuyu mkubwa uliolala ubavu na bado uko hai. Watoto watataka kuupanda. Mwambieni nahodha mapema kama mtataka kuswali adhuhuri kisiwani, mpate muda wa kutosha.

Ukishajua wiki mtakayokuja, iandike hapa chini. Nitakutazamia tarehe ya mwezi na saa za maji kabla hujamlipa mtu.