Korosho na AMPK kwenye misuli

Kaka, umeuliza kama ukitafuna korosho kabla ya kwenda kuvuta nyavu Mikindani misuli "inawashwa" na yale mafuta. Si hivyo hasa. Kinachoiamsha ni kule kuvuta kwenyewe. Misuli ikifanya kazi inateketeza ATP (sarafu ya nishati ya seli), AMP (mabaki yake) inapanda, na kimeng'enya kiitwacho AMPK kinanusa kwamba akiba inapungua. Hapo kinakizima kimeng'enya kingine, ACC, kinachotengeneza malonili-CoA. Hiyo malonili ndiyo komeo la mlango uitwao CPT1. Ikipungua, mlango unafunguka, asidi ndefu za mafuta zinaingia kwenye mitokondria (majiko ya seli) na kuchomwa.

Ila hujakosea kabisa. Kwenye seli za misuli zilizokuzwa maabara, asidi za mafuta zimeonekana kuiamsha AMPK hata AMP isipopanda. Tatizo ni kuzidisha: seli hizohizo zikilowekwa kwenye palmitati (yaani asidi ya palmitiki, aina ya mafuta yanayoganda) nyingi kwa saa nyingi, AMPK inalegea, na insulini ikipiga hodi haisikilizwi vizuri. Asidi ya oleiki, ambayo ndiyo nyingi kwenye korosho zetu, ina afadhali kubwa kuliko palmitiki kwa hilo. (Sahani ya maabara si tumbo la mvuvi, lakini.)

Gramu 100 za korosho zina mafuta gramu 44 hivi. Kiganja kimoja asubuhi poa tu. Ile kilo ya Newala uliyosema unaimaliza usiku mbele ya mpira, hiyo itakaa kiunoni.