Swali la lugha: “Nguvu ya mwendo imeisha”

Mwalimu mmoja wa sekondari hapa Goma anauliza iwapo ni sahihi kusema “mvuto wa dunia” au “uvutano”.

Sema uvutano, mwalimu. Kitenzi ni vuta, na kile kiambishi -an- kinatuambia kwamba wanaovutana ni wawili: Dunia inalivuta jiwe, na jiwe nalo linaivuta Dunia kwa kani (yaani msukumo au mvuto wa kitu kimoja juu ya kingine) iliyo sawa kabisa, kama ilivyo katika sheria ya tatu ya Newton ya mwaka 1687. Mvuto tuwaachie wauza manukato.

Ila katika barua hiyohiyo umeandika kwamba chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, husimama “nguvu yake ya mwendo inapoisha”, na hapo, uniwie radhi, nimeshindwa kunyamaza. Msemo huu umezagaa mjini, nao unaigeuza nguvu kuwa mafuta yaliyotiwa katika tangi, ambayo yakikauka safari imekwisha. Hebu tuitazame hiyo chukudu ikishuka kutoka Kibumba na magunia yake ya makaa. Mtelemkoni uvutano unaikokota na kasi inazidi. Hapo kani ipo, sibishi. Ikifika tambarare hakuna tena kinachoisukuma mbele, na bado inakwenda, kwa sababu mwendo hauhitaji kani ya kuutunza: kitu kikishakwenda huendelea kwenda, kwa kasi ileile na katika mstari ulionyooka, hadi kani kutoka nje ikiingilie. Ndiyo sheria ya kwanza. Huku kwetu zinazoingilia ni msuguano, hewa, na kile kipande cha mpira anachokikanyaga mwenye chukudu juu ya gurudumu la nyuma. Kwa hiyo chukudu haisimami yenyewe kwa kuishiwa. Inasimamishwa, na lugha yetu imetupatia -ish- kwa kazi hiyohiyo, nasi tunaidharau.

Mwenye chukudu mwenyewe simsahihishi. Anajua kwa unyayo wake kwamba magunia yakiongezeka, kukanyaga kulekule kunapunguza kasi polepole zaidi, na hiyo ni sheria ya pili. Aite nguvu, aite anavyotaka, mradi afike salama. Darasani ni habari nyingine. Andika ubaoni “imesimamishwa na msuguano”, na mwanafunzi atakayejibu kwamba nguvu imeisha, mpunguzie alama bila huruma.