Wifi yangu anauza soko la Kibuye Jumapili, je Mungu atamhukumu?

Mama mmoja wa Nyalenda hapa Kisumu ameniuliza hivi: "Mwalimu, wifi yangu ameokoka kama mimi lakini kila Jumapili ako Kibuye anauza mitumba. Mimi najua siku ya Bwana si ya biashara. Tulimtoa kwa kikundi cha maombi, saa hii hatusalimiani, na usiku roho inanisuta. Si Biblia inasema tukemee dhambi?"

Asante mama kwa kutaja huko kusutwa, wengi hunyamaza tu.

Wewe kwanza. Kama unaamini kwa moyo wote Jumapili ni ya ibada pekee basi usiende kuuza, hata wakikucheka, juu Warumi 14:23 inasema kila tendo lisilotoka katika imani ni dhambi. Lakini sura hiyo hiyo mstari wa 4 Paulo anauliza, "Wewe u nani unayemhukumu mtumishi wa mwingine?" na hapo alikuwa anaongea mambo ya siku na chakula, shida yako kabisa. Kaisari Klaudio alikuwa amefukuza Wayahudi Roma, iko Matendo 18:2, na Paulo akiandika hii barua Prisila na Akila wamesharudi, anawasalimia sura ya 16. Sasa fikiria hilo kanisa, hawa Wayahudi wamezaliwa wakishika siku, wale wa mataifa hawajui hata hizo siku ni za nini, na wanadharauliana kila wakikutana. Kwa chakula Paulo alikuwa na msimamo wake, usome mstari wa 14, na bado hakumruhusu mtu yeyote kumdharau mwenzake. Na mama, majirani zako Wasabato wanapumzika Jumamosi, kesho yake wanafungua duka, na hao unawasalimia vizuri tu. Mbona wifi?

Dhamiri ni ya Mungu, Warumi 2:15, inashuhudia ndani yetu, ila hukumu si ya dhamiri. Paulo mwenyewe kwa 1 Wakorintho 4:4 anasema hajui neno juu ya nafsi yake lakini hahesabiwi haki kwa ajili hiyo, anayemhukumu ni Bwana. Kama dhamiri yake haikutosha kumpa haki yeye mwenyewe, yako itatoshaje kumhukumu mwingine?

Sijasema tusikemee. Angekuwa anawaibia wateja ama ametoka kwa ndoa yake, 1 Wakorintho 5 inalipatia kanisa kazi hiyo na haifai kuikwepa. Lakini hata hapo Mathayo 18:15 inaanza na nyinyi wawili peke yenu, na kwa maneno yako sijaona mahali uliketi naye kabla hajatolewa. Nadhani hiyo ndiyo inakunyima usingizi, si Jumapili yake. Yakobo 2:13 inasema hukumu haina huruma kwake yeye asiyeona huruma, na huo mstari umeandikiwa sisi tulio ndani ya kanisa.

Kwa hivyo nenda kwake jioni moja katikati ya wiki, kunywa chai yake, usianze na mistari. Muulize anaabudu saa ngapi na umsikilize hadi amalize. Umwombe msamaha kwa vile mlimtoa, halafu mrudishe kwa kikundi mbele ya wale wale akina mama waliomwona akitolewa. Ukiwa bado hukubali biashara ya Jumapili, baki hivyo, lakini mpe mkono.